Mwizi Anayesalimia Watu

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimeibiwa! Si simu. Simu ni ya Mama na ipo. Nimeibiwa mimi mwenyewe.

Nieleze polepole. Jioni Mama alirudi sokoni akanipa simu kama kawaida, nikajifungia chumbani, nikafungua Jangwa. Jangwa ni gemu. Watu hamsini wanashushwa mchangani, wanawindana, anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Nikaandika nenosiri. Si sahihi. Nikaandika tena. Si sahihi. Nikaandika kwa herufi kubwa, kwa hasira. Wakaniuliza kama mimi ni roboti.

Akaunti yangu ni KIFARU. Kifaru ni mkuu wa kikosi chetu. Wengine ni Onesphore, Abednego na Bro Maiko mwenye banda la kuchaji simu kule Majengo. Onesphore na Abednego nasoma nao kidato cha tatu, na hawajui kwamba Kifaru ni mimi. Onesphore anaamini ni dereva wa lori wa njia ya Tabora. Abednego anasema hapana, ni mwanajeshi mstaafu, sikia anavyotoa amri. Sijawahi kudanganya. Sijakanusha tu.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna anayenitazama. Mimi siongei. Shuleni kwetu ukikutwa unaongea Kiswahili darasani unafagia. Sijawahi kufagia. Walimu wanadhani najitahidi Kiingereza. Kumbe lugha zote mbili ninazo, tele, ila zikifika kooni zinapeana njia. Tangulia wewe. Hapana, tangulia wewe. Mpaka mwalimu anachoka na kumwuliza mwingine. Abednego ananiita Bubu.

Lakini Kifaru! Kifaru akiandika "Ingia nyumba ya kushoto!" watu wazima wanaingia nyumba ya kushoto. Sasa Kifaru ana mwenyewe mwingine, na mimi nimebaki kuwa Minza tu.

Nani kaniibia? Bila shaka ni wadukuzi wa nchi za nje, wale wenye kompyuta sita mezani. Maana nilijilinda sana. Gemu lilionya: usiandike nenosiri kwenye karatasi, usilihifadhi kwenye simu. Nikatii. Nililichonga kwenye dawati langu shuleni, kwa ncha ya bikari. Mbao hawakuitaja. Juu yake nikachonga NENOSIRI LA GEMU, nisije nikasahau ni la nini.

Jumapili, 3 Agosti

Baada ya kanisa nimefungua akaunti mpya. Nimeiita PANYA. Ukianza upya Jangwani unapewa mtu mwenye upara, peku, na kijiti. Nimeomba kujiunga na kikosi changu mwenyewe. Abednego akaandika kwamba hawachukui vichaa. Onesphore akasema mwacheni, atatubebea maji. Ana huruma Onesphore. Labda kwa sababu kwao Katumba nyumba haikosi mgeni.

Basi nikaingia, na nikamwona. Kifaru! Kofia yangu ya dhahabu, koti langu la ngozi. Amesimama katikati ya mchanga. Nikafunika simu kwa kanga ili asinione.

Nikasubiri afanye uovu. Akaandika: "Mmeamkaje wapendwa?"

Kifaru hajawahi kumsalimia mtu tangu azaliwe! Onesphore akajibu salama kamanda, akaweka alama tatu za kuuliza. Bro Maiko akaandika: "Oya, kamanda kaokoka nini?" Kifaru akamwendea mgeni mmoja aliyekuwa kichwa wazi, akamvalisha ile kofia ya dhahabu. Akampa! Kofia niliyoihangaikia masika yote! Onesphore alipouliza kwa nini, akajibu kwamba mtu wa watu hana kofia na jua kali.

Sielewi. Mwizi anaiba ili agawe? Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Badala yake nilimfuata nyuma nyuma na kijiti changu nione atafanya nini tena. Alimwua adui, kisha akamfukia. Jangwani hakuna amri ya kufukia mtu, alizungukazunguka tu na kurusha mchanga. Mama akadai simu yake. Nilitaka kuendelea kutazama.

Jumatatu, 4 Agosti

Jambo la ajabu. Nimefika darasani nimemkuta Abednego anafagia. Hajaadhibiwa! Anafagia kwa hiari, mpaka chini ya madawati. Madam Suzana aliingia akauliza kwa Kiingereza nani kamtuma. Abednego akajibu nobody, Madam. Madam akamshika paji la uso kuona kama ana malaria.

Halafu la pili. Ninakaa dawati moja na Pelagia, tangu kidato cha kwanza. Pelagia ni mrefu. Mrefu kweli, Mfipa wa kutoka Sumbawanga, akisimama kujibu swali Abednego hupiga kelele "Jamani mtandao umerudi!" na kumwita Mnara, na darasa zima linacheka. Leo amesimama kujibu swali la Biolojia. Kimya. Abednego alikuwa anatazama kucha zake.

Mapumziko nikasikia nyuma yangu. Mimi nasikia mengi, watu huongea mbele yangu kama mbele ya kabati. Abednego alikuwa anamlalamikia Onesphore kwamba Kifaru amemwandikia faragha. Kwamba askari anayekejeli wasichana hana nafasi kikosini. Afagie darasa wiki nzima na ayaache yale majina, Mnara na lile lingine.

"Sasa afande kajuaje ya darasani?" akauliza.

Onesphore akasema labda ana mdogo wake anasoma hapa. "Wewe fagia tu mwanangu. Yule mtu ameua."

Lile lingine ni langu! Bubu!

Nilikaa nikatazama ukuta. Mwaka mzima nilikuwa na nguvu hiyo mkononi na niliitumia kuwaingiza watu nyumba ya kushoto. Haikunijia hata siku moja kwamba Kifaru anaweza kuingia darasani kwetu. Mwizi huyu ana akili. Ana tabia njema pia. Lazima akamatwe.

Pelagia akanigeukia akaniuliza nimeamkaje. Nikatikisa kichwa. Hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu kuliko yote tangu tufahamiane.

Jioni nimewaandikia wenye gemu. Wamenijibu papo hapo kwa Kiingereza cha upendo mwingi, wanasikitika sana, mimi ni mtu muhimu kwao. Wanataka tarehe ya kuzaliwa niliyojaza, mji, jina kamili na picha ya kitambulisho. Nilipojiandikisha nilisema mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na kitu. Mwaka sikumbuki. Mji nadhani niliandika Dodoma. Au Dubai. Kitambulisho sina, bado mdogo. Barua pepe niliitunga, haipo duniani. Nimejifungia njia zote za kurudi nyumbani kwangu. Wadukuzi wasingefanya vizuri zaidi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata! Njia ilikuwa kwetu siku zote.

Wakati wa chakula cha jioni nilimwuliza Baba: ng'ombe akiibiwa anapatikanaje? Kijiko cha Baba kilisimama hewani. Mama akaacha kutafuna. Nadhani sijauliza swali mezani tangu nianze sekondari.

Baba alikuwa sungusungu ujanani, huko Maswa, kabla hawajahamia huku na mifugo. Akasahau ugali. Akasema ng'ombe akiibiwa unapiga mwano, yaani yowe la hatari, na filimbi, na kila mwanaume anaacha alichoshika anakimbilia. Mnafuata nyayo. Zikiingia kijiji cha jirani, wale wa pale wanazipokea na kuonyesha zilipotokea. Wasipoonyesha, ng'ombe wanamlipa wao. Hivyo mwizi hana pa kupumzika, dunia nzima inamsukuma.

Nikauliza swali la pili! Nikasema mnajuaje ng'ombe ni wenu? Baba akasimama kabisa. Alama! Ng'ombe wote wa ukoo wana alama moja, ndugu yeyote akimwona mnadani anajua huyu ni wetu. Alama moja kwa wote, hapo ndipo penye nguvu.

Akampigia simu baba mdogo Malale, anayechunga ng'ombe wetu wengine kijijini Mamba, akamwambia Minza ameanza kuongea na anaongea mifugo! Baba mdogo akataka kunisikia mwenyewe. "Mwangaluka!" akasema, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ila yeye husalimia hivyo wakati wowote, hata giza likiingia. Nikapumua kwenye simu. Akafurahi. Baba ameniahidi ndama. Sikutaka ndama. Sikujua namna ya kumwambia.

Lakini ile ya alama! Sitalala kwa mawazo. Yaani nitalala, ila nitachelewa kidogo.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimeanzisha Sungusungu wa Jangwa. Mimi, Panya, mwenye upara.

Nimeandika kwenye chati ya kikosi tangazo refu kuliko yote niliyowahi kuandika. Kwamba kuna wezi wa akaunti. Kwamba wanaingia, wanatumia jina lako, wanagawa kofia zako, na marafiki zako wanadhani ni wewe. Kwamba tiba ni moja: alama. Kikosi kizima kitumie nenosiri moja! Mwizi akiiba akaunti yoyote, mwanakikosi yeyote anaweza kuingia na kuirudisha zizini.

Bro Maiko akaafiki haraka, akasema paswedi yake anaisahau kila wiki, sasa atawauliza madogo. Onesphore akauliza kama vikosi vikubwa vinafanya hivyo. Nikasema vya Maswa vyote. Abednego akaleta maneno. Akasema Panya ameletwa juzi na leo anatoa sera, kesho ataomba uspika. Lakini nilipouliza kama yeye haogopi kuibiwa, akataka tu kujua nenosiri lenyewe ni lipi.

Nikaliandika pale pale kwenye chati. Herufi kubwa, ili lisomeke.

Wote watatu wamebadilisha. Nakwenda kulala na furaha ya kiongozi. Kuna jambo moja nimelikumbuka nikiwa napiga mswaki. Chati ya kikosi inasomwa na wanakikosi wote. Kifaru ni mwanakikosi.

Labda hakuona.

Alhamisi, 7 Agosti

Aliona.

Jioni nimefungua gemu. Onesphore ameandika: "Mmeamkaje wapendwa?" Nikadhani ni utani. Chini yake Abednego: "Mmeamkaje wapendwa?" Chini yake Bro Maiko, yule ambaye neno lake la heshima kuliko yote ni oya: "Mmeamkaje wapendwa?" Kikosi kizima kimekuwa kwaya!

Halafu wakaingia wageni watatu wenye upara, peku, na vijiti. PANYA2, PANYA3 na MAIKO_MPYA. Panya2 ni Onesphore. Akaniuliza kwa upole kama Maswa huwa inatokea hivi. Panya3 alikuwa Abednego, na aliyoyaandika siyarudii, Mama anaweza kusoma hapa. Kwa kifupi, mimi ndiye mwizi, mimi na upara wangu.

Nikasema sasa tufuate nyayo. Wote wakakataa. Nikafuata peke yangu.

Unyayo wa kwanza. Kifaru alikuwa anatembea kwenye mchanga, mara akasimama wima, mguu mmoja juu. Hakusogea. Tai wa Jangwani wakamkalia. Nikatoka nje nikaangalia. Kwetu Shanwe taa zinawaka, lakini upande wa Majengo giza. Umeme umekatika Majengo! Uliporudi, Kifaru akaushusha mguu. Kwa hiyo mwizi anatumia waifai ya Majengo. Si nchi za nje! Niliwasingizia bure wale wa kompyuta sita.

Unyayo wa pili. Anajua ya darasani kwetu. Kwa hiyo ni wa darasani.

Wa darasa letu wanaoishi Majengo ni wawili. Abednego, na Pelagia ambaye shangazi yake ana saluni pale. Pelagia hawezi. Hajui hata gemu ni nini. Tunakaa dawati moja, ningejua.

Basi ni Abednego! Amejiibia na yeye mwenyewe ili asishukiwe. Amejiamuru afagie ili aonekane ameonewa. Ujanja wa kutisha. Nikafikiria jinsi anavyosugua chini ya madawati na nikamwogopa kwa mara ya kwanza.

Ijumaa, 8 Agosti. Nanenane

Sikukuu, shule hakuna. Sitaki kuandika. Naandika.

Niliwatumia Onesphore na Bro Maiko ujumbe kwa jina la Panya: alasiri wawe bandani, filimbi ikilia watamjua mwizi. Nikachukua filimbi ya zamani ya Baba kutoka kwenye kabati. Nikatembea hadi Majengo. Mpango ulikuwa mwepesi. Nisingehitaji kuongea. Filimbi ingeongea, mimi ningenyoosha kidole.

Walikuwepo wote. Abednego ameegemea kaunta anasubiri chaji. Nikasimama mlangoni. Nikapiga.

Sikujua filimbi ile ina sauti vile! Sikujua pia kwamba wazee wa mtaa ule bado wanaijua. Walitoka kila upande. Muuza nyama na kisu chake. Mafundi baiskeli. Wanaume wawili waliokuwa wanacheza bao, mmoja na kete mkononi. Mzee mmoja alikuja na fimbo na kiatu kimoja. Wanauliza ng'ombe wangapi, wameelekea wapi, nyayo ziko wapi!

Nikanyoosha kidole kwa Abednego.

Abednego akainua mikono juu. "Nimefagia!" akapiga kelele. "Wazee wangu, wiki nzima nimefagia!"

Wakamwuliza kaiba nini. Akasema hajui. Wakaniuliza mimi. Nikafungua mdomo. Kiswahili kikasema tangulia wewe. Kiingereza kikasema hapana, tangulia wewe. Umati ukasubiri. Mwishowe Bro Maiko akawaeleza kwamba ni mambo ya gemu, wazee, la kwenye simu.

Yule wa bao akasema alikuwa anashinda. Yule wa kiatu kimoja akasema anayepiga mwano wa uongo hulipa faini, hiyo ni sheria tangu zamani, na wakakubaliana ni jogoo mmoja. Wakauliza mimi ni mtoto wa nani. Abednego akawatajia kwa furaha.

Onesphore akanitazama sana, kichwa upande. "Panya?" akasema. "Yaani Panya ni wewe, Minza?"

Nikakimbia. Ninapoandika hivi jogoo wetu ameshapelekwa Majengo. Baba hakunigombeza. Alisema tu nilipiga vizuri, ila niwe na ng'ombe kwanza.

Kwa hiyo sasa wananijua. Si kwa Kifaru. Wananijua kwa Panya aliyepoteza akaunti za watu na kuita wazee bure. Aliyekuwa jasiri ni yule mwingine, na yule mwingine anasalimia watu kwa niaba ya mtu nisiyemjua.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi Baba amenipeleka joshoni. Ndama wangu amevishwa hereni ya namba sikioni. Ni jike, mwekundu, ana paji jeupe. Alinilamba kiwiko. Nimempenda kidogo.

Tuliporudi nimemkuta Pelagia kwetu. Ameinama mlangoni ili asigonge kichwa. Amemwambia Mama amekuja kuazima daftari la Fizikia. Mama alifurahi mno, sijawahi kutembelewa, akatuletea karanga na kutuacha. Pelagia akala karanga tatu, halafu akasema Kifaru anaye yeye.

Akasema jana aliona yote kutoka saluni ya shangazi yake, iko mkabala na banda. "Mpaka mteja mwenye dawa kichwani alitoka nje kukutazama. Lakini Minza, kwa nini Abednego? Yule ana akili ya kuiba akaunti?"

Nikasikia sauti inasema: "Kwa nini umeniibia?" Ilikuwa yangu!

Pelagia akashangaa. Akasema hajaiba. Dawati ni la watu wawili. Nenosiri nililichonga upande wake, tena kwa maandishi makubwa, tena na kichwa cha habari. "Nikajua umeniandikia mimi. Nikasema huyu haongei, basi ananikaribisha kwa maandishi."

Nikauliza kwa nini basi alilibadilisha.

"Si lilikuwa mezani, dada! Mtu angeiba."

Na zile nyingine tatu? Akasema alipoona Panya ametangaza nenosiri la watu wote mbele ya watu wote, aliogopa, akaziingia haraka na kuzifungia kabla mwizi wa kweli hajapita. Alikuwa anasubiri kila mtu aje adai yake. Akawasalimia ili wasihofu.

Nilikaa. Wiki nzima Jangwani kulikuwa na mlinzi mmoja tu wa kweli, na mimi nilikuwa namwinda kwa kijiti.

Akaniuliza kitu kimoja. Anapokuwa Kifaru watu wanasikia asemacho na hakuna anayeangalia urefu wake. Alitaka kujua kama na kwangu ni hivyo. Nikasema ndiyo. Akasema alijua, ndiyo maana aliweka lile jina langu kwenye amri ya Abednego pamoja na lake. Tukamaliza karanga.

Amerudisha zote. Kila akaunti nenosiri lake, kila mtu lake peke yake, na amenisihi nisimwambie mtu, nisichonge popote. Langu ni refu, lina herufi na namba na alama za mshangao, kama mtu anatukana. Tumekubaliana Jumapili Kifaru atakuwa wake, asalimie apendavyo.

Jumatatu, 11 Agosti

Abednego amepata akaunti yake, ameacha kufagia, na amejua kwamba Panya ni mimi. Asubuhi nzima: "Panya, leo tunamkamata nani? Panya, jogoo mwingine yupo?" Darasa linacheka. Mimi natazama ile michongo dawatini.

Madam Suzana akauliza swali. Pelagia akasimama.

"Jamani mtandao umerudi!" Abednego huyo. "Mnara umesimama! Panya, njoo upande!"

Kicheko. Nikamwona Pelagia anakunja magoti kidogo, ajifupishe. Nilifikiria Kifaru angemnyoosha Abednego, lakini Kifaru alikuwa kwenye simu, na simu ilikuwa sokoni na Mama. Hakukuwa na mtu mwingine. Nikasimama. Mdomo nikaufungua. Lugha zikaanza adabu zao, tangulia wewe, hapana wewe, na Pelagia akanikanyaga mguu, kwa nguvu, na ikatoka yenyewe, kubwa, ile moja ambayo vidole vyangu vimeiandika mara elfu:

"INGIA NYUMBA YA KUSHOTO!"

Abednego alinyanyuka nusu. Akanitazama mimi, akamtazama Onesphore, akanitazama mimi. "Kamanda?" akasema, kwa sauti ndogo sana. Kisha akageuka kushoto. Kushoto kuna kona ya mafagio. Akachukua moja. Akaanza.

Onesphore alicheka mpaka akalala kwenye dawati. "Dereva wa lori!" akawa anasema. "Dereva wa lori!"

Madam Suzana akasema kwa Kiingereza kwamba sauti nzuri, Minza, lakini hicho ni Kiswahili. Nikapewa fagio na mimi. Nimefagia kwa mara ya kwanza maishani. Nusu darasa, na nusu nyingine Abednego, ambaye alinipisha kila tulipokutana na kuniita afande.

Jumatano, 13 Agosti

Wiki hii nimejifunza mengi kuhusu usalama. Niyaandike.

Nenosiri la Pelagia nimelisahau mara mbili. Si la kibinadamu. Nimepata bora zaidi. Namba ya hereni ya ndama wangu! Ni ndefu, haimo kwenye karatasi, haimo kwenye simu, haimo hata kwenye mbao. Iko kwenye sikio, na sikio linatembea. Nani duniani anasoma ng'ombe? Nimebadilisha jana. Sijamwambia Pelagia, nataka nimshangaze.

Baba amempiga picha ndama, mimi nimemshika shingo, ameiweka kwenye kundi la ukoo. Ndugu wote wamepongeza, wa Maswa, wa Tabora, wote. Imetoka safi. Hereni inasomeka vizuri sana.

Baba mdogo Malale alipiga simu kutoka Mamba kumsifia. Kuchunga kunamchosha, akataka kujua lile gemu ambamo Baba anasema napambana na wezi. Tuliongea muda mrefu! Mimi, kwenye simu, kwa mdomo! Nilimweleza namna ya kuingia, namna ya kushuka jangwani, jina la Kifaru, kila kitu. Nenosiri nilikataa katakata kumwambia. Nilimwambia tu kwamba liko mahali salama, sikioni kwa ndama.

Leo jioni nimefungua gemu. Kifaru alikuwa ameshaingia. Amewakusanya punda wote wa Jangwani kwenye bonde moja na anawachunga. Onesphore ananiuliza afande mbona hivi. Abednego ameshaanza kuwahesabu. Na kwenye chati, juu kabisa, Kifaru ameandika: "Mwangaluka!"

Si Pelagia, si Jumapili, na Kisukuma hajui. Ajabu sana. Huyu ni mwizi mpya kabisa, tena mwenye nyayo za kigeni. Kesho naanza kuzifuata. Filimbi ninayo bado.

Namshuku Abednego.